Ratili Kumi na Mbili za Bi Chausiku

Marahaba, wanangu, marahaba. Mwezi uliopita nilimsindikiza mjukuu wangu uwanja wa ndege. Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na dada mmoja kapiga magoti sakafuni, sanduku kalifungua wazi, vitu vyote nje, hadi vile ambavyo mwanamke havionyeshi watu. Anatoa viatu, anapima, anarudisha viatu, anatoa sufuria, anapima tena. Kijana wa kaunta anamtazama tu, anatafuna bigijii. Mwishowe yule dada akavaa makoti matatu, moja juu ya jingine, kwenye joto lile la Machi, akafunga sanduku, likapita. Watu wakacheka. Mjukuu wangu akanigeukia, akaniambia, "Babu, mbona machozi?"

Nikamwambia ni vumbi. Vumbi gani ndani ya jengo la vigae? Ile mbinu ya kuvaa mzigo mie naijua vizuri kuliko yule dada. Niliifundisha Temeke nzima enzi za Mwingereza, nikajiona mjanja wa mji, na siku moja ikanitokea puani.

Mie jina langu Athumani, na nilikuwa mpimaji wa mizigo kiwanjani. Nyie mnaoanza kazi hiyo leo, mizani inawaandikia namba yenyewe, kompyuta inataja bei, kazi yenu kusema "samahani, utaongeza hela." Sisemi vibaya, kila enzi na mambo yake. Lakini msidhani kwamba abiria alianza jana kubishana na mizani. Watu wamebishana nayo tangu ndege hazijawa na choo.

Banda letu lilikuwa la bati, njia ya Pugu huko, nyasi kila upande. Ndani mlikuwa na meza ya karani, benchi moja, na mizani. Chini ilikuwa na jukwaa la chuma ambalo mtu anaweza kusimama na sanduku lake, juu ina uso wa mviringo na mshale mmoja. Ilisoma kwa ratili, kila moja kama nusu kilo ya leo. Kila abiria wa ndege kubwa aliruhusiwa ratili arobaini na nne za mzigo, na kila ratili iliyozidi ilikuwa na bei yake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na hadi leo ndipo unapoanzia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kondo, Mzaramo wa Mbagala, mtu mfupi, mkavu, anakuja kazini kwa baiskeli kila alfajiri na suruali kaibana kwa vibanio vya nguo. Kucheka hakujui. Anaweza kunyanyua sanduku kwa vidole viwili akakwambia, "Hamsini na moja," ukiliweka kwenye mizani, mshale unakwenda pale pale. Nilimuuliza anajuaje. Akasema, "Mzigo siutazami. Namtazama mwenyewe anavyoingia." Mtu mwenye mzigo mwepesi, akasema, anaubeba huku kainama na anahema, ili umwonee huruma. Mwenye mzigo mzito ndiye anayeingia kanyoosha shingo, anatabasamu, anauliza hali yako na ya watoto wako. Jamani, jaribuni hata leo. Akiwauliza habari za watoto, mjue sanduku lile lina mawe.

Sasa nianze na kosa la kwanza, maana makosa yangu ndiyo shule yenu.

Kila asubuhi ilibidi tuijaribu mizani kabla ya abiria kufika. Tulikuwa na mfuko wa turubai umejazwa mchanga, ratili hamsini kamili. Unauweka jukwaani. Mshale ukisoma hamsini, sawa. Usiposoma, unazungusha skrubu ya nyuma mpaka usome. Basi masika moja, mie bado mgeni, Mzee Kondo kaenda msibani, nikaweka mfuko, mshale ukasema hamsini na sita. Nikasema, ahaa, mizani imelewa. Nikazungusha skrubu mpaka hamsini, nikapuliza vumbi, nikasimama kifua mbele. Siku ile abiria walinipenda sana! Kila mzigo ukawa mwepesi. Mpaka karani, Mgoa mmoja mtulivu, akakuna kichwa kwamba leo hakuna hata mmoja wa kulipa ziada. Kesho yake Mzee Kondo akaingia, akaushika ule mfuko wa mchanga, akaukamua kwa mikono miwili. Maji yakachuruzika sakafuni. Bati lilikuwa linavuja juu yake usiku kucha.

Hakunitukana. Siku tatu nilitamani anitukane. Siku ya nne akaja na kipande cha reli kwenye karia ya baiskeli, kaomba kwa jamaa zake wa reli, akasema, "Hiki hakinywi maji." Tukakitumia kipande kile miaka yote.

Na kulikuwa na ufito. Ufito ule Mzee Kondo aliukata mwenyewe kwa kipimo cha mlango wa ndege, akaufunga kitambaa chekundu ncha zote mbili. Mzigo ukiwa mkubwa unawekewa ufito. Ukiupita, hauendi, hata uwe mwepesi kama unyoya. Akaja bwana harusi mmoja wa Kinondoni, kapendeza, kanzu inanukia udi, anapeleka kitanda cha besera kwa mchumba Tanga. Mbao za chini zimekubali, lakini zile nguzo nne za chandarua, ufito unasema la. Akabembeleza, akakasirika, kisha akasema, "Basi nitazishika mkononi, nitoe ncha dirishani." Dirishani! Karani alilazimika kutoka nje akacheke huko. Mzee Kondo akamjibu uso mkavu, "Bwana, ukifika Tanga utakuwa na nguzo, lakini mkono sijui." Nguzo zikaenda kwa jahazi. Nasikia harusi ilisubiri.

Lakini kitu kilichonifanya nimheshimu yule mzee si ufito wala vidole vyake. Ni jinsi alivyouweka uso wa mizani.

Kulikuwa na ndege ndogo, ya mbao na turubai, mabawa yake yamepangana juu na chini, inabeba watu wanane kwa shida. Hii ilikwenda Mafia, na mara nyingine kusini. Kwenye ndege ile hatukupima sanduku peke yake. Tulimpima na mwenyewe. Abiria anapanda jukwaani na kila kitu chake, viatu, kofia, mfuko, kama alivyo, na karani anajumlisha watu wote kwenye karatasi ya rubani. Sasa niambieni, mwanamke wa pwani mwenye heshima zake, katoka kwao kajitanda buibui, apandishwe kwenye mizani mbele ya wanaume, karani atangaze "mia na tisini na mbili!" Weee! Wapo waliogeuka wakarudi nyumbani na tiketi mkononi. Ndipo Mzee Kondo akaizungusha mizani, uso ukaelekea ukutani, mpimaji anaingia kwenye upenyo kati ya mizani na ukuta, anausoma peke yake, anaandika namba kwa chaki kwenye kibao kidogo, anakipeleka kwa karani bila kutamka. Hakuna aliyemwagiza. Alisema tu, "Uzito wa mtu ni siri yake na Mola wake, na karani kidogo."

Kumbukeni upenyo ule. Humo ndimo nilimotaka kuharibu kazi.

Sasa tuje Temeke. Nilikuwa kijana, nimevaa kaptula ya kaki na kofia yenye bamba la shaba, na mtaani kwetu aliyewahi kuishika ndege kwa mkono alikuwa mie tu. Siku za Ijumaa baada ya sala tukikaa kunywa kahawa, watu wananizunguka. Mtu akiwa na safari lazima apite kwangu. Na mie nikawaambia siri: "Nyie mnalipia ziada kwa nini? Ndege kubwa inapima sanduku, haimpimi mtu. Vaeni! Kanzu tatu, koti juu, mifuko ijazeni. Kitu kilichoko mwilini si mzigo." Wakafanya, wakafaulu, wakaniletea zawadi za halua na tende. Mzee Kondo alikuwa anawaona wanavyoingia wamevimba kama magunia, ananitazama pembeni.

Mmoja wa walionisikiliza alikuwa Bi Chausiku, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa mjane, mshonaji wa magodoro. Nusu ya Temeke ililala juu ya kazi ya mikono yake, na mie nikiwemo. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, akinikuta sina adabu ananichapa, mama yangu akisikia ananiongeza.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zaituni, aliyeolewa Lindi. Zaituni alishajifungua mara mbili, na mara zote mbili mtoto alifariki kabla ya arobaini. Mara zote mbili Bi Chausiku alipata barua mambo yamekwisha. Mnajua desturi yetu: mimba ya kwanza binti anarudishwa kwa mama yake, akandwe, afungwe mkaja tumboni, apikiwe uji wa pilipili manga. Zaituni hakuletwa, safari ilikuwa ndefu, wakwe hawakutaka. Basi ilipokuja mimba ya tatu Bi Chausiku akaapa kwamba yeye ndiye atakwenda.

Masika mwaka ule yalikuwa mazito. Rufiji imefurika, barabara ya kusini imekatika, meli imeondoka na haitarudi kabla ya wiki tatu. Ikaja simu ya maandishi kutoka kwa mkwewe: mkunga anasema ni siku yoyote sasa. Pamoja na simu, nauli ya ndege. Bi Chausiku akanijia mbio, kashika karatasi mkononi.

"Athumani mwanangu, huko juu wanaruhusu mtu kwenda na vitu vya mzazi?"

"Ruhusa, mama. Ratili arobaini na nne."

"Mie vyangu vinapita hapo."

"Basi vaa," nikamwambia, na kifua kimenijaa. "Vaa kila unachoweza kuvaa. Mie nipo kwenye mizani, nani atakugusa?"

Hayo niliyasema Jumapili. Ndege ya Lindi ilikuwa Jumatano, ndege kubwa. Jumanne asubuhi karani akabandika karatasi ubaoni: kiwanja cha Lindi kimelowa, ndege kubwa haiwezi kutua, kesho itakwenda ile ndogo. Niliisoma. Haki ya Mungu niliisoma neno kwa neno, kisha nikaenda kunywa chai. Bi Chausiku hakunijia kichwani hata kidogo. Hadi leo, uzee wote huu, nikiikumbuka chai ile najichukia.

Jumatano ikafika. Abiria saba wa Lindi wakapimwa, mmoja mmoja. Karani akajumlisha, akamwambia Mzee Kondo kwamba kwa abiria wa nane imebaki nafasi ya ratili mia na thelathini. Hapo hapo teksi ikasimama nje. Mlango ukafunguliwa, akatoka Bi Chausiku, kwa ubavu, maana kwa mbele hakuweza.

Tobaa! Alikuwa kavaa doti kumi na mbili za khanga, zimefungwa moja juu ya nyingine, magauni mawili, blanketi kiunoni, na juu yake buibui likakataa kufungika. Ndani ya kibwebwe kashindilia vifuko vya mchele, vya sukari, vya pilipili manga, na kinu kidogo cha shaba sijui kakiweka wapi, ila kilikuwa kinagonga kila akipiga hatua. Mkononi ana kikapu, na kwapani kabeba kigodoro kidogo cha mtoto, kimekunjwa na kufungwa kamba. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kope. Na anatabasamu, maskini, ananitafuta mie kwa macho.

"Athumani mwanangu, nimefanya kama ulivyosema. Hata mie mwenyewe sijijui."

Ndipo niliikumbuka ile karatasi.

Akapanda jukwaani. Niliingia kwenye upenyo, nikatazama mshale: mia mbili na ishirini. Nikaandika kwa chaki, nikampelekea karani. Karani akatikisa kichwa. Bi Chausiku akaona, akafungua fundo la khanga yake ya juu, akatoa noti.

"Nitalipa. Nimejua nimezidi, nimekuja na akiba. Semeni bei."

Mzee Kondo akamsogelea, akavua kofia. Sijawahi kumwona kavua kofia kwa abiria. "Mama," akasema, "ndege kubwa inauza ratili. Hii ndogo haiuzi. Imebaki nafasi ya mia na thelathini, na hizo ndizo zote ilizo nazo. Ukinipa hela nitaziweka wapi, chini ya bawa?"

"Basi nitakwenda lini?"

"Jumatano ijayo."

Yule mama hakulia. Alisimama pale juu ya jukwaa, mnene wa nguo, akasema kwa sauti ndogo, "Jumatano ijayo nitapata barua. Wajukuu wawili nimewazika kwa barua. Huyu wa tatu, baba, nitampokea kwa mikono yangu. Vueni mnachotaka, lakini nakwenda."

Mzee Kondo akatundika turubai kwenye kona. Abiria mmoja, nesi kutoka Kilimanjaro aliyehamishiwa Lindi, akaingia naye kumsaidia. Basi vitu vikaanza kurushwa juu ya turubai, na mie nadaka. Doti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vifuko vya mchele. Blanketi. Kinu kikaanguka karibu kinivunje mguu, nikasema moyoni afadhali kingenivunja. Kikapu kikabaki chini. Rubani Mzungu akachungulia mlangoni, akatazama saa yake, akatazama rundo, akaondoka.

Alipotoka pale nyuma alikuwa mwanamke mwembamba, gauni moja na buibui lake. Sikuwahi kujua kwamba Bi Chausiku ni mwembamba hivyo. Akapanda tena. Kabeba mbeleko aliyombebea Zaituni alipokuwa mchanga, mkaja, pakiti ya pilipili manga, na kile kigodoro kwapani. Mshale ukasimama mia arobaini na mbili. Ratili kumi na mbili zimezidi.

"Bado kigodoro, mama," Mzee Kondo akasema.

"Hiki sikiachi." Akakikumbatia. "Nilikishona mimba ya kwanza. Kikakosa wa kukilalia. Mimba ya pili nikakianika juani, nikakituma, kikanirudia. Kila mtu Temeke nimemshonea akalala, hiki peke yake hakijalaliwa. Sikiachi."

Mie niko kwenye upenyo. Hakuna anayeuona uso wa mizani ila mie. Nikanyoosha mguu polepole, nikaingiza kidole gumba chini ya ukingo wa jukwaa, nikanyanyua kidogo. Mshale ukashuka. Arobaini. Thelathini na tano. Thelathini. Nikaandika kwa chaki: mia na thelathini. Nikasema moyoni, namlipa mama huyu mgongo wake ulionibeba.

Kitu kizito kikatua juu ya mguu wangu. Kilikuwa kiatu cha Mzee Kondo. Kaja bila kishindo, kasimama mlangoni mwa upenyo, hanitazami mie, anatazama mshale.

"Soma tena," akasema taratibu.

Nikatoa kidole. Mshale ukapanda.

"Mzee, ni ratili kumi na mbili tu," nikamnong'oneza. "Ni mama yangu huyu."

Akanong'ona naye, mdomo karibu na sikio langu. "Wewe umeinyanyua kwa kidole hapa. Huko juu ya maji ya Rufiji, nani atainyanyua? Naye mama yako atakuwa ndani."

Nikafuta kibao kwa kiganja. Nikatoka, nikasimama mbele ya Bi Chausiku, nikamwambia zimezidi kumi na mbili. Akanitazama usoni, akaelewa yote, hata lile la karatasi sidhani kama lilimpita. Akakikabidhi kigodoro kwangu. Ratili kumi na moja. Mshale ukasoma mia thelathini na moja.

Ratili moja! Nesi akaangua kicheko cha mtu aliyechoka. Bi Chausiku akainama, akavua makubadhi yake ya ngozi, akayaacha juu ya jukwaa, akashuka. Akaelekea kwenye ndege miguu mitupu, nyasi zina maji, mbeleko kaikumbatia. Alipofika ngazini akageuka.

"Athumani! Umenivisha na umenivua. Vitu vyangu nivikute."

Ndege ikaondoka. Mie nikakaa chini katikati ya zile khanga, kofia yenye bamba la shaba kichwani, nikalia mbele ya karani.

Nilingoja Mzee Kondo anifukuze. Badala yake alianza kuzikunja khanga, moja moja, kwa ustadi wa mtu mwenye mabinti. Akasema, "Kila Jumatano kuna mtu mwembamba anakwenda Lindi."

Sikumwelewa mpaka wiki iliyofuata. Kiwanja cha Lindi kilikuwa bado kimelowa, ndege bado ile ndogo, na ikitokea watu wakawa wepesi inabaki nafasi, ratili mbili, ratili nne, zinakwenda bure hewani. Basi akawa anamtafuta abiria mwembamba, anamsalimu, anamweleza kisa cha Bi Chausiku toka mwanzo, anamkunjulia khanga mbele ya macho yake aone hakuna kitu ndani, anamwomba ampelekee. Hakuna aliyekataa. Mwalimu wa chuo akapeleka doti mbili na mchele. Akaja Mhindi mmoja, muuza vitambaa, mwembamba huyo mpaka nikadhani Mzee Kondo atamkumbatia, akabeba blanketi na kinu, na juu yake akaongeza doti mpya kutoka kwake. Mie ndiye nilikuwa nalinda mlango, nawatazama watu wakishuka teksi, naomba Mungu anayeshuka awe kakonda.

Aliporudi yule mwalimu akaleta habari: Bi Chausiku alifika Jumatano mchana, Zaituni akajifungua Ijumaa, mtoto wa kike, mdogo sana, bibi yake hamwachii mtu. Zaidi ya hapo hakujua. Nami sikuuliza zaidi, kwa sababu wale wawili wa mwanzo nao walizaliwa vizuri. Nikaanza kuhesabu siku kwenye ukuta wa banda kwa chaki. Ishirini. Thelathini. Siku ya arobaini nilifunga saumu, sijui hata kwa sharti gani. Kisha barabara ikafunguka, kiwanja cha Lindi kikakauka, ndege kubwa ikarudi, na wabebaji wangu wembamba hawakuhitajika tena. Vitu vyote vilikuwa vimekwenda, ila kigodoro. Kwenye ndege ndogo hatukumpata mtu wa kubakisha ratili kumi na moja, na ndege kubwa iliporudi niliogopa kukituma, kisije kikarudi kama zamani. Kilikaa juu ya kabati la karani, na makubadhi juu yake, na asubuhi nikimaliza kuijaribu mizani kwa kile kipande cha reli, nakipiga vumbi.

Ilikuwa siku ya ndege ya Nairobi, foleni imefika nje. Napima, napima, nanyanyua kichwa, nakuta mbele yangu kasimama Bi Chausiku. Miguu mitupu. Kaja kutoka Temeke kwa miguu, katikati ya wasafiri wenye masanduku, kavaa khanga moja ya zile doti.

"Mama! Tiketi iko wapi?"

"Sisafiri mie. Tumekuja na lori, mie na Zaituni, juzi. Nimeleta mzigo wa kupima."

Akafungua mbeleko mgongoni. Akamtoa mtoto, mnene, macho makubwa, kakunja uso kwa mwanga, akamlaza juu ya jukwaa la chuma. Mtoto akashtushwa na ubaridi wa chuma, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye ndege. Mzee Kondo akachukua kigodoro kutoka kabatini, akakata kamba, akakitandaza. Akairudisha mizani mpaka sifuri kikiwa juu yake, kisha akamlaza mtoto. Mtoto akanyamaza. Akatulia kabisa, anavuta ncha ya kitambaa mdomoni.

"Kasome," Mzee Kondo akaniambia.

Nikaingia kwenye upenyo. Mshale ulikuwa umesimama. Nikapangusa macho nikatazama tena. Nikarudi.

"Kumi na mbili, mama."

"Si ndizo zilizonizidi siku ile?"

"Ndizo."

Akafungua fundo la khanga, akatoa zile zile noti za akiba, akaziweka juu ya meza ya karani. "Basi huyu ndiye ziada yangu. Semeni bei."

Karani akatazama karatasi zake. Mie nikamtazama Mzee Kondo, na mzee yule asiyejua kucheka alikuwa kageukia ukutani, anafuta kwa mkono zile siku arobaini nilizoandika. Bi Chausiku akangoja kidogo, akazirudisha noti zake, akamfunga mtoto mgongoni, akaingiza miguu kwenye makubadhi, akakitia kigodoro kwapani. Nyuma yake watu wa Nairobi walikuwa wameanza kulalamika kwamba foleni haiendi.